Nanasi Likaushwe Kwanza

Ijumaa ile niliamka na mikono inayotafuta kitu cha kushika. Kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake nilikuwa nimeshafagia uwanja uliofagiwa jana yake, nikachota maji ambayo hayakuhitajika, nikamfokea paka. Binti yangu alikuwa anarudi jioni kutoka Nairobi, baada ya majuma mawili kwa baba yake, na alikuwa anarudi na jibu.

Jumatano baba yake alinipigia simu. Kwa ile sauti yake ya upole, inayonichoma kuliko matusi, akasema amepata nafasi katika shule iliyo karibu na kwake. Muhula wa pili ukifunguliwa mtoto anaweza kuanza huko, akipenda. "Nimemwachia aamue mwenyewe," akasema. "Ana miaka kumi na minne. Atakuambia akifika." Nilitaka kumwuliza ameamua nini. Kiburi kikanishika, nikasema sawa, nikakata simu. Tangu hapo sikuwa na usingizi, wala hamu ya kula, wala adabu kwa mtu yeyote.

Tulikuwa watatu katika nyumba ile ya Sironga: mama yangu, mimi, na binti. Nilirudi kwa mama ndoa yangu ilipovunjika, mtoto akiwa na miaka minane. Majirani walisema mpaka wakachoka. Nafundisha shule ya msingi, naondoka asubuhi na kurudi jioni, na kwa miaka sita kitu kilichonituliza ni kusikia viatu vya mtoto yule vikivuliwa mlangoni, na sauti yake ikiuliza kuna nini cha kula.

Sasa, habari ya piza. Wiki ya kwanza ya likizo alinitumia picha kwenye simu. Juu ya piza kulikuwa na vipande vya nanasi na mapera, na jibini iliyoyeyuka mpaka ikachuruzika pembeni. Walikuwa wameipika nyumbani, kwenye oveni ya mke wa baba yake. Chini ameandika: "Hii imeweza, Mama. Ungeipenda." Mtu mwenye akili timamu angesoma hapo upendo. Mimi nilisoma oveni.

Kilichoniuma zaidi ni yale mapera. Mwezi wa nne mapera kwetu huanguka yakaoza chini ya miti, ng'ombe wanayala, watoto wanatupiana. Huko yamenunuliwa sokoni, yakakatwa kwa kisu chembamba, yakapigwa picha. Nikaapa kwamba akifika atakuta piza ya matunda mezani, yenye jibini niliyoitengeneza kwa mikono yangu, halafu tuone nani ana nini.

Ng'ombe wetu alikuwa amekauka, kwa hiyo niliagiza lita tano za maziwa kutoka Nyansiongo, kwa mama mmoja ambaye maziwa yake hayajui maji. Nanasi nalo nililipata kwa mwuzaji anayeyaleta kutoka upande wa Nyamarambe, kwenye joto, kwa sababu mananasi ya huku juu kwetu huwa na uchachu wa kukunja uso. Mapera yalikuwa uani.

Mama alipoona sufuria ya maziwa imejaa hadi ukingoni akasimama mlangoni.

"Kuna wageni wangapi?" akauliza.

"Mmoja."

"Mjukuu wangu si mgeni."

Maziwa yalipotaka kuchemka niliyatoa motoni, nikayakamulia malimau matatu, nikakoroga. Yakakatika palepale: mabonge meupe upande huu, maji ya kijani hafifu upande ule. Mama akashika mdomo. Kumwona mtu mzima akiharibu maziwa mazima kwa makusudi, siku ambayo nyumba nzima ina kazi! Nikayachuja kwa kitambaa cheupe, nikakifunga fundo na kukining'iniza kwenye msumari wa dirisha la jikoni. Ndipo nilipogundua kwamba kitambaa hicho ndicho mama hufunikia chupa za chai za Sabato.

Ni lazima niseme kuhusu Ijumaa za kwetu. Ijumaa ni siku ya maandalio. Mama hupika kila kitakacholiwa kesho yake, hujaza chupa nne za chai na kuzipanga mezani, huoga, hubadilisha nguo. Jua likizama Sabato imefunguliwa kwa wimbo na sala, na kuanzia hapo jikoni kwa mama hakuwashwi kitu mpaka jua la Jumamosi lizame. Waadventista wenzake wengi siku hizi huwasha gesi wakapasha chakula, nao ni watu wema tu. Mama hapana. Kwa hiyo nilikuwa na mpaka jioni, saa kumi na mbili na nusu hivi, na mtu asiye na subira akipewa mpaka huwa ni balaa. Wanasema subira huvuta heri. Mimi heri yangu nimezoea kuifuata mwenyewe kwa miguu.

Mama ningeweza kumwomba msaada, ila mafundisho yake nayajua. Nilipokuwa naolewa alinifundisha kupika chinsaga, ile mboga yetu chungu inayotaka kuchemshwa, kumwagwa maji na kuchemshwa tena. Nikaenda nayo kwa mume wangu nikijiona mpishi. Chinsaga yangu ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Mume alikula akiwa ameangalia ukuta. Mwezi wa tatu nikafunga safari mpaka kwa mama kumwuliza nimekosea wapi, akaniambia inatiwa maziwa na kulazwa usiku kucha, siku ya pili inatiwa tena. "Kwani sikukuambia?" akasema. "Nilisahau." Nilimkasirikia mwaka mzima. Nilimkasirikia kiasi kwamba mwezi uliofuata nilirudi kwake tena, na mwezi uliofuata tena, ili nimwonyeshe kwamba bado nimekasirika.

Saa tisa mvua ikaja na mawe, mabati yakapiga kelele hata ukisema husikiki. Nilikuwa nimekanda unga kwa hamira na mafuta kidogo, nikaugawa mara mbili: donge moja la kuoka sasa, jingine la baadaye kama wakitaka kuongeza. Oveni yangu ilikuwa ileile tunayookea keki huku: sufuria kubwa yenye mchanga chini, juu ya jiko la makaa, sinia ndani yake juu ya vijiwe vitatu, halafu kifuniko, na juu ya kifuniko makaa yaliyowaka vizuri. Nilitandaza unga kwenye sinia, nikapanga nanasi na mapera yakiwa mabichi, yakitiririka maji, nikavunjavunja jibini juu, nikafunika.

Mama alikuwa anapita na sahani zake. "Nanasi iko na maji mingi," akasema. "Ungekausha kwanza."

Alisema kwa Kiswahili. Nyumbani tunaongea Ekegusii, na mama akiingia Kiswahili ujue amekaribia kukasirika.

"Kwenye picha walilipanga hivihivi," nikasema.

"Sawa. Picha inajua."

Dakika tano nikafunua. Bado. Nikafunika. Nikaenda getini kutazama barabara, matope matupu. Nikampigia simu binti, akasema wako Bomet. Nikarudi nikafunua. Kila nikifunua lazima niondoe makaa kwa koleo, nichungulie, niyarudishe, na kila mara majivu kidogo yanaanguka ndani. Nikampigia tena. "Mama, umenipigia saa hii tu," akasema, na nyuma yake nikasikia watu wakicheka. Nikafunua tena.

"Wewe unafunua funua," mama akasema, "hiyo moto inaingia wapi?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilipoitoa, chini ilikuwa nyeusi kama sahani ya jiko, juu mbichi, na katikati nanasi limeogelea mpaka unga umekuwa uji. Nilisimama nikiitazama nikilia, na si machozi ya moshi. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja nikililia chapati iliyolowa, lakini ilionekana kwangu kwamba hapo hapo, kwenye lile sinia, mtoto ameshachagua.

Nikakimbilia donge la pili. Makaa yalikuwa yamepungua. Nikapepea, nikaongeza, nikapepea. Niligeuka kuchukua sinia, na nilipogeuka tena mama alikuwa ameinama jikoni na koleo la majivu. Aliyafunika makaa polepole, anavyoyafunika kila Ijumaa, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Nje mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo upande wa magharibi na jua linakwenda zake.

"Mama! Dakika ishirini tu!"

"Jua halikuulizi," akasema, sasa kwa Ekegusii, kwa upole. "Funika unga wako. Kesho jioni tutawasha."

"Kesho atakuwa ameshaniambia!"

"Kesho ni Sabato. Hakuna mashauri ya shule siku ya Sabato. Wala usimwulize. Umenisikia?"

Nilimsikia. Ni vigumu kumpinga mwanamke aliyekwisha kuvaa nguo yake nyeupe. Nikalitia donge kwenye beseni, nikalifunika, nikaliweka kwenye sakafu ya baridi. Nanasi na mapera yaliyobaki nikayakata, nikayanyunyizia chumvi, nikayaacha kwenye chujio yamwage maji yake yote, maana sikuwa na jingine la kufanya kwa mikono yangu.

Alifika tukiwa katikati ya wimbo wa kufungua Sabato. Viatu vikavuliwa mlangoni, akaingia akiimba nasi sauti ya pili kana kwamba alikuwa ametoka kuchota maji tu. Alikuwa amerefuka, au nilikuwa nimemsahau. Mgongoni alikuwa na kibegi kidogo cha shule. Alipokwenda Nairobi aliondoka na sanduku. Niliimba ubeti mzima nikiangalia kile kibegi.

"Bwairire, Magokoro," akamsalimu bibi yake baada ya sala, akamkumbatia. Kisha mimi. "Mama, kunanukia nini? Kunanukia kitu imeungua."

"Mama yako alikuwa anachoma," bibi akasema, bila kusema nini.

Jumamosi ile ilikuwa ndefu kuliko muhula. Kanisani nilikaa nyuma ya mtoto na kusoma mgongo wake. Mahubiri yalihusu nini sijui. Mchana tulikula wali baridi na maharage baridi na chai ya chupa, tukaenda kwenye mafundisho ya alasiri, tukarudi. Mara tatu swali lilinifika mdomoni, na mara tatu mama alikohoa. Nilichuna kucha zangu mpaka zikauma. Niliinuka kuangalia unga: umeumuka, umejaa beseni. Baada ya saa moja niliinuka tena: umeshuka na kutoa vitundu, unanukia uchachu mtamu kidogo. Nikajua umeharibika.

Binti alikuwa amekaa kizingitini anakula bonge la jibini pamoja na pera bichi, akitafuna taratibu.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Mimi."

"Aki Mama." Akatafuna. "Ya dukani iko kama mpira."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa. Nikaenda kusugua sufuria isiyokuwa chafu, nikakumbuka ni Sabato, nikaiweka chini.

Jua lilipozama tukafunga Sabato, na kabla mama hajakaa vizuri baada ya Amina nilikuwa nimeshamtuma mtoto dukani kununua makaa. Alipokuwa huko niliwasha moto kwa yaliyobaki, nikaweka kikaango, nikakaanga nanasi na mapera yale yaliyochujwa, bila mafuta, mpaka yakanyauka na kushika rangi ya kahawia pembeni. Mama aliniangalia nikitii amri yake ya jana.

Mtoto akarudi na makaa, akanawa, akachukua nafasi yangu. Alitandaza ule unga mchachu, ukavutika vizuri kuliko wa jana, bila kukatika. Tukapanga matunda, akavunja jibini, akanyunyiza. Makaa chini kidogo, makaa juu mengi. Kisha akaweka simu yake kando ya jiko ihesabu dakika ishirini, akavuta kigoda, akakaa mbele ya sufuria na kunyoosha mkono kama mlinzi.

"Mama, usikaribie. Magokoro ameniambia."

Zile dakika ishirini nilizunguka nyumba mara nne. Simu ilipolia nilikuwa mlangoni, nimeshika kitambaa tayari. Tukafunua. Unga ulikuwa umepanda na kuwa rangi ya mandazi, umekauka chini, umelegea juu. Jibini ya limau haiyeyuki ikachuruzika kama ile ya kwenye picha. Ilikuwa imebaki mapande meupe yenye ncha zilizoungua kidogo, na kati yake nanasi liking'aa. Tukaikata kwa kisu cha mkate na kula tukiwa tumesimama, tukipuliza vidole. Mama alikula kipande, akala kingine. "Ni chapati iliyoolewa mbali," akasema. Tulicheka mpaka binti akapaliwa.

Hapo nilitulia. Nasema ukweli, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kifua changu kilikaa mahali pake. Nikafikiri: tumeshinda.

Ndipo akafuta mikono, akafungua kile kibegi, akatoa daftari na kalamu. "Haya, Mama. Niambie moja moja niandike. Maziwa lita ngapi, limau ngapi, unga umelala saa ngapi. Yote."

Furaha ilinijaa hata nikaanza kusema kabla hajafungua ukurasa. Kumbe cha kwangu kinafaa kuandikwa! Lita tano, nikasema, ila kwa watu wachache zinatosha mbili. Limau utaonja. Hamira kijiko kimoja. Aliandika ameinama, nywele zimemwangukia, ulimi pembeni ya mdomo kama alipokuwa darasa la kwanza. Na nikiwa naangalia ile kalamu ikienda, nikaelewa.

Mimi chapati za mama sijawahi kuziandika. Wala uji wake. Mtu anayebaki haandiki. Anayebaki anauliza kutoka chumba cha pili, anajibiwa, anasahau, anauliza tena kesho.

"Kwenye oveni ya huko itachukua muda gani?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka salama, sijui kwa vipi.

Kalamu ikasimama. Hakuinua kichwa. "Mama, nilikuwa nitakuambia leo. Nilingoja Sabato iishe."

"Najua."

"Si kwamba sipendi huku."

"Najua."

"Nitakuwa nakuja likizo zote. Umekasirika?"

"Ndiyo," nikasema. "Andika. Unga ulale usiku kucha, mahali pa baridi. Umeandika?"

Alikuwa analia na anaandika. Nami nikaendelea, hatua kwa hatua, sauti ya mwalimu. Kukanda. Kutandaza. Makaa, ingawa huko hatayahitaji. Kutofunua. "Halafu matunda," akasema, "mnayakata tu mnapanga?"

Alikuwa dukani. Hakuona kikaango.

Nilimwangalia. Mama alikuwa ameketi kwenye kona yake anachambua chinsaga ya Jumapili, majani huku, vijiti kule, na mikono yake ikasimama.

"Unakata tu," nikasema, "unapanga."

Akaandika. Akapiga mstari chini, akafunga daftari.

"Umempa yote?" mama akaniuliza baadaye, mtoto alipokwenda kuoga.

"Nimempa."

"Hakuna ulichosahau?"

Nikatazama ile mboga mapajani mwake, rundo la majani machungu, na miaka yote ile ikanigeukia kwa pamoja: safari zangu za kila mwezi, hasira niliyoibeba mpaka kwake na kuirudisha, chai aliyokuwa ameshaandaa kila nilipofika. Mama hakuwahi kusahau chochote maishani mwake. Anakumbuka hata siku meno yangu yalipotoka.

"Nadhani kuna kimoja," nikasema.

"Haidhuru," akasema mama, akiendelea kuchambua. "Atauliza."

Aliondoka Alhamisi na lile daftari kwenye kibegi. Jumapili ya kwanza simu haikulia, wala ya pili. Nilifua, nikapanga upya makabati, nikagombana na mwenye duka. Jumapili ya tatu, saa tisa alasiri, nilikuwa nimeinama chini ya mpera naokota, nikasikia mama akiniita kutoka jikoni kwamba simu inalia. Sikumbuki nilivyofika.

"Mama," sauti ikasema, karibu kabisa, na nyuma yake mlango wa oveni ukigongwa, "imelowa. Imekuwa uji. Nimefanya kila kitu ulichoniambia, sasa nimekosea wapi?"

Nikavuta kile kigoda chake, nikakaa.

"Hebu nieleze tangu mwanzo," nikamwambia. "Polepole. Sina haraka."